Haki ya Sikio Katika Stendi ya Dumila

Jicho lina kope, sikio halina. Asiyependezwa na picha hugeuza uso akaenda zake. Asiyependezwa na sauti hana pa kugeukia, hasa akiwa ameketi juu ya mzigo wake akingoja basi. Kwa hiyo msanii atakaye kusimika sanaa ya sauti mahali pa wasafiri hukabiliwa na swali ambalo mchoraji huliepuka kwa urahisi: ni kwa idhini ya nani atayajaza masikio ya watu wasiomwalika?

Itazamwe Dumila, mkoani Morogoro, ambako njia ya Kilosa huachana na barabara kuu iendayo Dodoma. Honi, ngurumo za malori, wito wa wapiga debe na sauti za wachuuzi wanaokimbilia madirisha ya mabasi, mgeni huziita zote kelele. Si haki. Basi husimama kitambo kidogo tu, na mchuuzi asiyesikika katika kitambo hicho hurudi na bidhaa yake kichwani. Jina la Kilosa likitangazwa mlangoni mwa gari ni kibao cha msafiri asiyejua kusoma. Sanaa ikija hapo na vipaza sauti vikubwa, hata kwa nia njema ya kuburudisha, itakuwa imemnyang'anya mtu chombo chake cha kazi na kumpa badala yake wimbo asiouomba.

Jambo la namna hii liliwahi kufika mahakamani. Huko Washington kampuni ya usafiri ilitia redio ndani ya mabasi na tramu zake, na abiria wawili wakashitaki. Mwaka 1952 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba katiba haikuvunjwa. Jaji William Douglas alipinga, akishikilia haki ya mtu kuachwa peke yake. Jaji Felix Frankfurter hakushiriki katika uamuzi, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokerwa na redio hiyo; uungwana ulioje! Ilielezwa pia kwamba abiria wengi walioulizwa hawakuchukizwa. Hoja hiyo ni dhaifu: radhi ya wengi haizibi sikio la mmoja.

Je, sanaa inyamaze basi? Mwaka 1977 Max Neuhaus alificha mtambo wa sauti chini ya wavu wa chuma katika Times Square, New York. Ukatoa mvumo mzito, kama masalio ya mlio wa kengele. Hakuweka kibao. Ulinyamaza mwaka 1992, ukarudishwa mwaka 2002. Mvumo ule haukushindana na jiji. Apitaye aweza kudhani ni mashine za reli ya chini ya ardhi, akaendelea na njia yake, na mwingine akasimama. Ni unyenyekevu mkubwa, ingawa una dosari yake: asiyeambiwa kwamba ametiliwa sauti sikioni hawezi kuikataa.

Tena msanii humfikiria mno mpita njia. Abiria wa Dumila ataisikia kazi yake kwa dakika kumi, pengine aipende. Mama mwenye meza ya nyanya pembeni ataisikia tangu alfajiri hata magharibi, masika na kiangazi. Huyo ndiye wa kuulizwa kwanza, na swichi ya kuizimia ikae mezani pake.