Ushindi na Deni: Laurent-Désiré Kabila, Milima ya Fizi na Swali la Bahati ya Kimaadili

Miongoni mwa maswali ambayo falsafa ya maadili haijayamaliza ni hili: je, tendo lililoumiza watu jana linaweza kuwa halali leo kwa sababu aliyelitenda amefanikiwa, kiasi kwamba waliolia wakati ule waonekane kuwa walilia bure? Wazo kwamba linaweza huitwa hapa uhalalisho wa kurudi nyuma, yaani desturi ya kuuchukua mwisho wa safari na kuutumia kuhukumu hatua zake za mwanzo. Wazo hili halikai vitabuni peke yake, kwa kuwa historia rasmi za mataifa mengi zimejengwa juu yake, na katika mashariki ya Kongo hakuna mahali linapopimwa kwa uchungu zaidi kuliko teritwari ya Fizi, katika Kivu ya Kusini, ambako Laurent-Désiré Kabila aliongoza maki kwa takriban miaka ishirini kabla ya kuwa rais wa nchi nzima. Maki, neno lililotoka katika Kifaransa na kuzoeleka katika Kiswahili cha Kongo, ni eneo la porini linaloshikwa na wapiganaji nje ya mamlaka ya serikali.

Kabila, aliyezaliwa Katanga mwaka 1939, hakuwa mtu wa Fizi. Aliingia huko kwa njia ya uasi wa mwaka 1964, wakati wafuasi wa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, wakiongozwa upande wa mashariki na Gaston Soumialot, waliposhika miji mingi, na vijana wa Kibembe, wenyeji wa Fizi, walipojiunga na waasi hao walioitwa Simba kwa imani kwamba dawa ya maji ingezigeuza risasi za adui zisiwadhuru. Mwezi Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma akafika Kibamba, kwenye ufuko wa Kongo, na kati ya wapiganaji wa Kuba, ambao majina yao ya vita yalikuwa namba za Kiswahili, yeye akaitwa Tatu. Kabila, ambaye ndiye aliyepaswa kuongoza uwanja huo wa vita, alifika Kibamba mwezi Julai, akakaa siku chache, akarudi ng'ambo ya ziwa. Katika maandishi yaliyotolewa hadharani miaka mingi baada ya kifo chake, Guevara alikiri kwamba kijana huyo alikuwa na kipaji cha kuongoza watu, lakini akamlaumu kwa kukosa bidii na kwa kuwa mbali na askari wake. Ilipofika Novemba mwaka huohuo, baada ya mamluki wa Mike Hoare, waliopigania serikali, kusaidia kuitwaa tena Baraka na vituo vingine, Wakuba waliondoka, na siku chache baadaye mkuu wa jeshi, Mobutu, akachukua madaraka Kinshasa.

Lililofuata ndilo kiini cha swali hili. Desemba 1967 Kabila na wenzake waliunda chama cha PRP, yaani Chama cha Mapinduzi ya Umma, wakajichimbia katika milima iliyo juu ya ziwa, na ngome yao wakaiita Hewa Bora. Jina hilo lilikuwa ahadi kamili, kwamba huko juu, mbali na jeshi la Mobutu na kodi zake, watu wangevuta pumzi ya namna nyingine. Kwa sehemu ahadi ilitimizwa, maana palikuwa na shule, matibabu, mashamba ya pamoja na mafundisho ya siasa, na mwandishi wa haki hawezi kuyafuta hayo. Lakini utafiti wa Wilungula B. Cosma, aliyeandika kitabu kuhusu maki ya Fizi kati ya 1967 na 1986, pamoja na maandishi ya wengine waliomfuata, unaonyesha upande wa pili. Wakulima walitoa kazi na mavuno bila hiari, dhahabu na pembe za ndovu zilivushwa ziwani kwa biashara iliyowanufaisha wakubwa, na wanakijiji waliotuhumiwa uchawi, wazee hasa, waliadhibiwa kwa ukatili, baadhi yao kwa kuuawa. Chama kilichofundisha kwamba historia husukumwa na matabaka na uchumi kilitumia tuhuma ya uchawi kuwashika watu wake wenyewe, na jambo hilo linastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa tuhuma ya namna hiyo haihitaji ushahidi wala haimwachii mtuhumiwa njia ya kujitetea.

Mwezi Mei 1975 wapiganaji wa PRP walivuka ziwa usiku wakawateka watu wanne katika kituo cha utafiti wa sokwe cha Gombe, upande wa Tanzania, watatu kati yao wakiwa wanafunzi Wamarekani, na kuachiliwa kwao kulipatikana baada ya majadiliano marefu na malipo ya fedha. Mwaka 1984, na tena 1985, chama kilishambulia mji wa Moba upande wa Katanga kikarudishwa nyuma. Baada ya hapo maki ilinyauka, na Kabila akaishi zaidi Afrika Mashariki akifanya biashara, hata wengi wakadhani amekwisha kufa.

Inafaa kusimama katika miaka hiyo ya ukimya, kati ya mwisho wa miaka ya 1980 na 1996. Kama Kabila angefariki wakati huo, historia ingesemaje juu ya Hewa Bora? Bila shaka ingesema kwamba lilikuwa jaribio lililoshindwa, lililowagharimu wakulima wa Fizi mengi na kuwapa machache. Lakini tarehe 18 Oktoba 1996, huko Lemera, ukaundwa muungano wa AFDL uliozikusanya harakati nne, na Kabila akiwa msemaji wake. Tarehe 17 Mei 1997 Kinshasa ikaanguka, na kabla mwezi haujaisha akaapishwa kuwa rais. Tangu siku hiyo milima ileile ikaanza kusimuliwa kama chimbuko la ukombozi, na subira ya miaka thelathini ikawa sifa ya kiongozi. Wazee waliouawa kwa jina la uchawi hawakubadilika, wala mavuno yaliyochukuliwa hayakurudishwa. Kilichobadilika kilitokea Kinshasa, mbali sana nao.

Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel, katika mjadala wao wa mwaka 1976, waliliita jambo la aina hii bahati ya kimaadili, wakiwa na maana kwamba mara nyingi binadamu hupimwa wema au ubaya wake kwa mambo asiyoyamudu, kama vile namna matendo yake yalivyoishia. Williams alitoa mfano wa mchoraji Gauguin, anayeiacha familia yake na kwenda visiwa vya mbali ili sanaa yake ikue, akauliza kama uamuzi huo unaweza kuhalalishwa na ubora wa picha alizokuja kuchora. Jibu lake lilikuwa la kichokozi: pengine, lakini kwa masharti. La kwanza ni kwamba mafanikio yawe yametoka ndani ya mradi wenyewe, si kwa nguvu za nje zilizokuja kuuokoa. La pili ni kwamba hata mradi ukifanikiwa, aliyedhulumiwa ili ufanikiwe hapotezi haki yake ya kulalamika.

Masharti hayo mawili yakiwekwa juu ya maisha ya Kabila, sharti la kwanza peke yake linatosha kuivunja hoja ya watetezi wake. Ushindi wa 1997 haukuzaliwa Hewa Bora. Ulitokana na mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, na kambi za wakimbizi zilizojaa Kivu baada yake, na uamuzi wa serikali za Rwanda na Uganda kuvuka mpaka, na uchovu wa jeshi la Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, ambalo halikuwa likilipwa, na ugonjwa wa Mobutu mwenyewe. Serikali hizo mbili za nje zilihitaji uso wa Kikongo, na Kabila alikuwa na jina la mpinzani wa zamani asiyewahi kufanya kazi na Mobutu. Hewa Bora ilimpa sifa hiyo, ni kweli, lakini haikumpa jeshi wala ushindi, kwa hiyo mradi uliowagharimu watu wa Fizi ulikuwa umekwisha kushindwa kwa nguvu zake wenyewe kabla bahati haijafika. Kiswahili kina maneno mawili yanayosaidia hapa. Bahati ni lile linalomwangukia mtu. Majaliwa ni lile alilopangiwa na Mungu. Wapo waumini ambao, wakiona mtu ameinuliwa kutoka porini hadi ikulu, husema ni majaliwa, na kwamba Mungu hamwinui mtu bila kumkubali.

Hoja hiyo ya kidini ina uzito katika nchi ambayo makanisa ndiyo yaliyoendesha shule na hospitali wakati serikali ilipokuwa haionekani, na kwa sababu hiyo inapaswa kujibiwa kwa lugha yake. Biblia inayosomwa Baraka na Fizi kila Jumapili inamtaja Daudi, mtu aliyejificha mapangoni na kukimbia mbele ya mfalme kabla ya kuketi kwenye kiti cha enzi, na kwa hakika hakuna mtu wa Biblia anayefanana na mpiganaji wa maki kuliko huyu. Lakini simulizi hiyo haimwachi Daudi na taji lake. Alipomchukua mke wa Uria na kupanga Uria auawe vitani, nabii Nathani alikwenda kwake akamsimulia habari ya tajiri aliyenyang'anya mwanakondoo wa maskini, na mfalme akajihukumu kwa kinywa chake. Ushindi dhidi ya adui haukuhesabiwa kuwa kafara, na kuinuliwa kwake na Mungu hakukumpunguzia hatia, bali kulimwongezea. Hata alipotubu akasamehewa, Uria alibaki kaburini, wala hakuna binadamu aliyeweza kusamehe kwa niaba yake.

Jambo hili la toba ndilo linalomtofautisha kiongozi mwenye mikono michafu na kiongozi mwovu tu. Istilahi ya mikono michafu, iliyopata umaarufu kwa tamthilia ya Jean-Paul Sartre ya mwaka 1948 na kufafanuliwa na Michael Walzer mwaka 1973, inaeleza hali ya mwanasiasa anayelazimika kutenda ubaya ili kuzuia ubaya mkubwa zaidi. Walzer hakusema kwamba mtu huyo hana hatia. Alisema kwamba ana hatia kweli, na kwamba dalili ya ubora wake ni kuijua hatia hiyo na kuibeba mbele ya watu. Kwa kipimo hiki, miaka mitatu na nusu ya urais wa Kabila inasikitisha. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliotumwa kuchunguza mauaji ya wakimbizi wa Kihutu wakati wa vita vya AFDL walizuiwa hadi wakaondolewa. Kati ya wenzake watatu wa Lemera, Kisase Ngandu aliuawa mapema 1997 na Masasu Nindaga akapigwa risasi mwishoni mwa mwaka 2000. Watoto askari walioitwa kadogo, yaani wadogo, waliotembea kwa miguu hadi Kinshasa, hawakurudishiwa utoto wao. Na watu wa Hewa Bora hawakuundiwa baraza la kuwasikiliza.

Hata hivyo, uaminifu unadai kusema pia lile linaloifanya hukumu kuwa ngumu. Agosti 1998, Kabila alipokwisha kuvunja urafiki na Rwanda na vita vipya kuanza, Fizi haikumtupa. Vijana wa huko waliingia msituni kama wanamgambo wa Mai-Mai, wengi wakipigana upande wa rais yuleyule ambaye wazazi wao walimjua kwa mema na mabaya, na raia wakalipa gharama yake: huko Makobola, mwishoni mwa Desemba 1998 na mwanzoni mwa Januari 1999, askari wa RCD, kundi la waasi lililoungwa mkono na Rwanda, na washirika wao waliwaua zaidi ya watu 800, kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010. Tarehe 16 Januari 2001 Kabila mwenyewe aliuawa kwa risasi ya mlinzi wake, na tarehe hiyo ikawa sikukuu ya taifa, jirani na ile ya Lumumba. Inawezekana basi kudai kwamba Fizi yenyewe ilimsamehe, na kwamba damu yake ilifuta madeni.

Dai hilo linachanganya mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa. Kumuunga mkono mtu dhidi ya jeshi la kigeni ni uamuzi wa kisiasa, na huweza kuwa uamuzi sahihi hata kwa yule ambaye jeraha lake halijapona. Mkulima anayechagua kati ya hatari mbili hajaandika hati ya msamaha. Vilevile kifo cha kuuawa humfanya mtu astahili kuombolezwa, lakini toba ni tendo la aliye hai, na anayeuawa ghafla hunyimwa nafasi hiyo pamoja na uhai. Deni, katika maana ambayo Kiswahili hulipa neno hili sokoni na msikitini na kanisani pia, hulipwa kwa yule anayedai. Anayelipa kwingine, hata akilipa kwa damu yake, amelipa kwingine.

Na wadai wenyewe ni nani? Kitabu cha Wilungula kiliandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo wengi wa waliokaa Hewa Bora hawaisomi, kwa hiyo maelezo yake yenye kina ya miaka ile yamewafikia wageni kuliko wenyewe. Waliokuwa vijana katika ngome hiyo sasa ni wazee, na wanaojua nani alitajwa, na nani, na usiku upi, wanapungua. Mzee aliyeuawa kwa tuhuma ya uchawi aliacha watoto na wajukuu, na tuhuma hiyo haikufa pamoja naye, kwa kuwa chama kilichomhukumu hakikuwahi kuifuta. Mwaka 1997 Mobutu aliangushwa na jina la nchi likabadilishwa. Jina la mzee huyo halikuguswa.