Kumtuza Binti na Kumtunza

Penye mchezo hapakosi mabishano, na katika mabishano yote hakuna yaliyo makali kama haya: nani bora? Mchezo ukiisha, hata vumbi halijatua, watazamaji wamekwisha gawanyika. Huyu asema bora ni aliyefunga. Yule asema bora ni aliyezuia. Ndivyo ilivyo katika viwanja vya shule za pwani yetu ya kusini, kutoka Kilwa Kivinje hadi Pande na Lindi, wasichana wachezapo mpira wa pete. Ndivyo ilivyo pia huko Marekani, ambako mabinti wa vyuo vikuu huucheza mpira wa kikapu mbele ya maelfu ya watu.

Pengine msomaji atasema kwamba hayo ni mazungumzo ya barazani tu, hayafai kutiwa katika ukurasa huu. Sivyo. Nyuma ya swali hilo yuko kijana, na nyuma ya kijana iko jamaa nzima. Yafaa basi tujiulize kwa utulivu: je, ni haki kumtenga mmoja katika kundi na kumpa tuzo peke yake? Na je, ni haki kumkadiria binti leo atakuwa na thamani gani kesho?

Tumtazame binti mmoja wa Afrika ya Mashariki. Madina Okot, mzaliwa wa Mumias, magharibi ya Kenya, alisoma katika shule ya sekondari ya Kaya Tiwi, huko Kwale, katika pwani hii hii ya Waswahili. Kabla ya kushika mpira wa kikapu alikuwa mchezaji wa voliboli. Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Zetech, na mwaka 2024 akavuka bahari kwenda chuo cha Mississippi State. Katika msimu wake wa kwanza huko alipata, kwa wastani wa kila mchezo, pointi zaidi ya 11, na akadaka mipira zaidi ya 9 iliyorudi kutoka kikapuni. Mwaka 2025 alihamia South Carolina, timu iliyokuwa imetwaa ubingwa wa vyuo mwaka 2017, 2022 na 2024. Mara wabishi wakaanza: je, astahili tuzo? Na siku ya uteuzi, atakuwa wa ngapi?

Uteuzi huo ni desturi ya ligi ya kulipwa ya wanawake wa Marekani, WNBA, iliyoanza kuchezwa mwaka 1997. Kila mwaka timu huketi na kuchagua kwa zamu wachezaji wapya, nazo timu dhaifu hupewa nafasi za mwanzo ili zipate nguvu. Mwaka 2024 waliochaguliwa walikuwa 36 tu. Vyuo vya daraja la kwanza vyenye timu za wanawake ni zaidi ya 300, na kila timu ina wachezaji kumi na zaidi. Hebu mzazi afanye hesabu mwenyewe. Tena kuchaguliwa si kuajiriwa, kwa maana wengine huachwa hata kabla ligi haijafunguliwa.

Wako wanaosema kwamba tuzo ya mtu mmoja ni dhuluma kwa wenzake. Hoja yao si ya kupuuzwa. Katika mpira wa pete wachezaji ni 7, lakini wenye ruhusa ya kufunga ni 2 tu. Tukihesabu magoli peke yake ili kumjua aliye bora, tumekwisha wanyima 5 haki yao kabla filimbi haijalia. Yule aliyenyang'anya mpira, akampa wa kati, naye wa kati akamfikishia mfungaji, jina lake haliandikwi popote. Hali kadhalika katika mpira wa kikapu: anayesimama imara ili mwenzake apate njia haandikiwi pointi, ingawa bila yeye pointi isingepatikana.

Walakini dawa ya dhuluma hiyo si kufuta sifa. Kumnyima mtu sifa aliyoitolea jasho ni dhuluma pia, na watoto wa kike wameionja kwa muda mrefu. Senda Berenson alipowafundisha wanafunzi wa chuo cha Smith mchezo huu mpya, na mechi yao ya kwanza ikachezwa mwaka 1893, wanaume hawakuruhusiwa kuitazama. Miaka mia na zaidi ilipita kabla ya ligi ile ya wanawake kuanza, hali ligi ya wanaume ilikuwa na umri wa miaka 50. Unyenyekevu ni fadhila, lakini kunyenyekea si kuukana ukweli. Binti aliyecheza vema aambiwe wazi kwamba amecheza vema.

Hapa lugha yetu yatufundisha jambo. Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Katika ngoma, mwenye kucheza vizuri hutuzwa, au hutunzwa, kwa fedha na kwa vigelegele. Neno hilo hilo kutunza ndilo tunalotumia kwa mama anayemlea mwanawe, na kwa mtu anayehifadhi amana ya mwenziwe. Tena methali haisemi mcheza popote. Yasema mcheza kwao, yaani mbele ya watu wamjuao, ambao kesho watamwuliza kama amelala salama. Basi tuzo ya kweli ina sehemu mbili: kuisifu kazi iliyofanywa, na kumlinda aliyeifanya. Sehemu ya kwanza ikibaki peke yake, tuzo yageuka kuwa bei.

Mwaka 2025 ulituonyesha jambo hili waziwazi. Tarehe 24 Machi, katika mchezo wa timu ya Chuo Kikuu cha Southern California dhidi ya Mississippi State, timu aliyokuwamo Okot, msichana JuJu Watkins aliumia vibaya goti, kano yake ikakatika, na msimu wake ukaishia hapo. Siku chache baadaye alipewa tuzo ya Naismith kuwa mchezaji bora wa vyuo. Waliotoa tuzo nyingine, ile ya Wade, wakamchagua Paige Bueckers wa Connecticut, ambaye naye alikuwa amekosa msimu mzima wa 2022 hadi 2023 kwa sababu ya goti. Mwezi wa Aprili Bueckers akatwaa ubingwa pamoja na timu yake, kisha akachaguliwa wa kwanza katika uteuzi.

Twajifunza nini? Kwanza, watu wenye ujuzi waliutazama msimu ule ule mmoja wakafikia hukumu mbili, wala hatuna sababu ya kudhani kwamba wa upande mmoja walikuwa waongo. Ubora wa mchezaji hauwekwi mizanini kama ufuta. Pili, tuzo hutazama nyuma: yasema kwamba ulilolifanya limefanyika, wala goti lililovunjika haliwezi kulifuta. Uteuzi hutazama mbele: wauliza goti litadumu miaka mingapi. Maswali hayo mawili ni halali, lakini hayafanani, na kosa la wabishi wengi ni kuyachanganya. Na liko swali la tatu, ambalo si tuzo wala uteuzi uwezao kulijibu, nalo ni hili: binti huyu ana thamani gani? Thamani hiyo hakupewa na waamuzi wala na ligi, bali na Muumba wake, na alikuwa nayo kabla hajajua kudunda mpira.

Kwamba utabiri ni dhaifu, sisi Watanzania twajua. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alishirikiana na mwenzake tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya vyuo ya Big East mwaka 2009, na mwaka huo huo akachaguliwa wa pili na Memphis, Mtanzania wa kwanza kufika ligi ile kubwa ya wanaume. Mwezi wa Februari 2010 alipelekwa kwa muda katika ligi ya chini. Wengi walimpima kwa kumlinganisha na waliochaguliwa baada yake, wakasema hakutimiza. Lakini nani aliyeweka kipimo kile? Ni wenye kutabiri. Utabiri uliposhindwa, lawama akatupiwa kijana. Hiyo si haki.

Wala tusidhani kwamba mambo hayo ni ya ng'ambo tu. Katika michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA, watoto wetu huteuliwa kutoka timu za shule kuingia kombaini ya wilaya, kisha ya mkoa. Huo nao ni uteuzi, na nyoyo za watoto hupanda na kushuka kwa ajili yake. Msichana wa Pande aliyeachwa katika kombaini hurudi nyumbani akifikiri kwamba amehukumiwa. Aliyechukuliwa naye aweza kulewa sifa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Kwa hiyo twawasihi walimu na wateuzi: aitwapo mmoja mbele ya wenzake, zitajwe pia kazi za wale wasiofunga, na aliyeachwa aelezwe sababu kwa upole, asiachwe ajisomee ukosefu wake kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Twawasihi wabishi: bishaneni juu ya mchezo, msibishane juu ya mwili wa binti wala ukoo wake. Watu wa Lindi wanajua mnada wa korosho ulivyo: mzigo umo ghalani, hupewa daraja, kisha bei. Binti si gunia.

Nanyi wazazi, msimzuie binti mwenye kipaji. Asiyeitwa na mtu hupotea njiani na kipawa chake, na mlango ukifunguka ni vema apite. Lakini kabla hajasafiri ulizeni maswali ambayo mwenye kutafuta wachezaji aghalabu hayatangulizi: atasoma nini? Akiumia, nani atalipa matibabu, na nafasi yake ya masomo itabaki? Ni nani huko atakayemwita kwa jina lake siku asiyocheza? Majibu yakipatikana, na aende kwa amani. Yasipopatikana, hata angeahidiwa kuwa wa kwanza kati ya wote, huyo anayemtaka amekuja kumtuza tu, hakuja kumtunza.