Jembe la Mgeni

Lugha yetu ina neno moja kwa watu wawili. Mgeni ni yule aliyealikwa, ambaye mkeka umetandikwa kwa ajili yake. Na mgeni ni yule asiyejulikana, atokeaye njiani jua likichwa. Kiyunani cha Agano Jipya kina hali hiyo hiyo, na fadhila ambayo Paulo aliwaagiza Warumi huitwa humo filoksenia, yaani kumpenda mgeni. Kumvumilia ni jambo jingine.

Na tuipime methali yetu mbele ya agizo hilo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wako Wakristo waionao kuwa ubahili uliovikwa hekima, nami siwalaumu sana, maana husemwa mara nyingi na mwenye nyumba aliyekwisha kuchoka. Lakini hoja ya kuwajibu yatoka katika Kanisa lenyewe. Mwaka 1873 mwanachuoni wa Kiyunani, Philotheos Bryennios, alikuta Constantinople mswada ulionakiliwa mwaka 1056, na ndani yake mlikuwamo Didakhe, kitabu cha mafundisho ya Wakristo wa kale. Sura yake ya 12 yaagiza kwamba mpita njia asaidiwe kadiri iwezekanavyo, naye akae siku mbili, au tatu ikilazimu. Akitaka kukaa zaidi, naye ana ufundi, afanye kazi ale. Na kwa asiye na ufundi, wenyeji watumie busara yao, ili Mkristo asikae kwao bure. Sidai kwamba mmoja alimfundisha mwenziwe; yatosha kwamba wamekutana katika siku ya tatu.

Basi jembe si fimbo ya kumfukuzia mtu. Alaye katika sahani ya mwenziwe hushukuru siku ya kwanza, na siku ya kumi huinamisha macho. Bali avunaye chake huweza naye kumkaribisha mwenyeji wake. Hapo upendo umekuwa wa pande mbili. Lakini ampaye mgeni jembe sharti ampe na mahali pa kulitia, na hili ndilo asemaye methali kwa uchovu hulisahau: jembe bila ardhi ni mzaha.

Tanzania ilipata kuijaribu methali hii kwa ukubwa wake. Mwaka 1972 mauaji yalipotokea Burundi, watu wengi walivuka mpaka. Walipewa misitu ya Ulyankulu na Katumba, na baadaye, tangu mwaka 1978, Mishamo. Kila jamaa ikagawiwa shamba. Katika kazi hiyo lilikuwamo Tanganyika Christian Refugee Service, shirika lililoundwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Wageni wakafyeka, wakalima, wakala chao, wakauza ziada. Sioni mfano ulio bora kuliko huu wa siku ya tatu, na Mkristo aliyechangia hata jembe moja hakufanya kazi ndogo.

Lakini methali haisemi neno juu ya siku ya nne. Mlango wa uraia ulifunguliwa kwao mwaka 2007, baada ya miaka 35, na waliokubaliwa walizidi 160,000. Hata hapo waliambiwa kwanza wayaache makazi yale, watawanyike katika mikoa mingine, ndipo wapewe hati. Yaani waliokuwa wamekwisha kuwa majirani walitakiwa kuwa wageni mara ya pili, mahali pengine. Shauri hilo liliachwa, na hati zikaanza kutolewa mwaka 2014. Mtoto aliyezaliwa Mishamo mwaka 1980 alikuwa na umri wa miaka 34. Alikuwa amelima, ameoa, amezika wazee wake katika udongo ule, na siku zote hizo aliitwa kwa jina la safari ambayo yeye hakusafiri.