Bwana wa Suti na Brifukesi

Kwenye gemu ya Half-Life, iliyotengenezwa na kampuni ya Valve ya Marekani na kutoka Novemba 1998, kuna bwana mmoja kavaa suti, kafunga tai, kashika brifukesi. Hakuna anayemtambulisha. Wewe unacheza kama Gordon Freeman, mwanafizikia anayekwenda kazini kwa treni ya ndani ya Black Mesa, maabara kubwa iliyojengwa ardhini huko New Mexico, na hata hujafika unamwona bwana huyo kwenye behewa jingine. Baadaye yuko nyuma ya kioo, anabishana na mwanasayansi, maneno hayasikiki vizuri. Halafu jaribio linakwenda mrama, viumbe wa ulimwengu mwingine wanamwagika maabarani, watu wanakufa kila upande, naye anaendelea kuonekana pale usipoweza kumfikia. Hana haraka. Anakutazama, anaondoka zake. Mwisho wa gemu anakufuata mwenyewe kukupa ajira: ukubali, au akuache kwenye vita usiyoweza kuishinda.

Jina hana. Wachezaji walilikuta la G-Man kwenye mafaili ya gemu, wakampachika, likamganda.

Tangu hapo watu wazima wenye kazi zao na familia zao wanabishana huyu ni nani. Wapo wanaosema ni afisa wa serikali. Wapo wanaosema ni kiumbe kilichovaa ngozi ya mtu, na ushahidi wao ni namna anavyozungumza: anavuta pumzi katikati ya neno, anatia mkazo pasipostahili, utadhani alifundishwa usemi wa binadamu kwa barua. (Sauti hiyo ni ya mwigizaji Michael Shapiro, ambaye kwenye gemu hiyohiyo ndiye sauti ya mlinzi Barney, mtu wa kawaida kabisa. Mpaka leo nikiwasikiliza wote wawili siamini.) Wengine wanashikilia kuwa ni Gordon mwenyewe, amerudi kutoka wakati ujao. Wengine wanasema ni mauti.

Haya yote nimeyajua kupitia mtoto wa dada yangu, anayesoma chuo na kulala kwangu. Siku moja niliingia sebuleni nikamkuta amesimamisha Half-Life 2, ile ya mwaka 2004, kaukaribia uso wa kompyuta kama anayetoa mchanga kwenye mchele. Gordon wake alikuwa ameshika darubini, anaangalia kijiji cha mbali. Na kweli, katikati ya vijumba vile alisimama G-Man, anaongea na mtu. Mchezaji anayepita mbio hamwoni kabisa. "Kwa hiyo wanafahamiana?" nikauliza. Akanijibu kwa ukali wa hakimu: "Mama mdogo, tunachojua ni kwamba wanaongea. Kufahamiana bado."

Jibu hilo lilinikaa. Mashabiki hawa, pamoja na vituko vyao, wana adabu fulani ya kufikiri. Ukidai jambo, unaulizwa: wapi, sura gani ya gemu, amesimama upande gani? Mwenzako atakwenda kuangalia mwenyewe, na asipoliona atakurudia. Na nadharia hufa. Mwaka 2020 ilitoka Half-Life: Alyx, na mwisho wake msichana Alyx anafungua gereza la ajabu linaloelea angani, akitarajia kumkuta Gordon. Anamkuta G-Man, kafungwa. Kisha anapomwomba awaondoe maadui duniani, bwana yule anamweleza kuwa waajiri wake wasingependa. Fikiria ulikuwa unatetea kwamba yeye ni mauti yenyewe, leo unamwona ametiwa ndani, na akitoka anataja mabosi! Wenye nadharia hiyo wengine walikubali yaishe, wengine wakaifanyia marekebisho. Jalada halikufungwa.

Mtaani kwetu tungekuwa tumeshalifunga zamani. Miaka ya nyuma alihamia mpangaji mmoja, mpole, asiye na wageni, anatoka alfajiri na brifukesi na kurudi usiku. Wiki haikuisha bila hukumu: kijiwe cha bao kilisema ni usalama wa taifa, bombani wakasema muuza unga, na fundi cherehani, ambaye hajawahi kukosa la kusema, akasema Freemason. Hakuna aliyeulizwa kaona nini, saa ngapi. Kila aliyeongeza chumvi alisifiwa kwa kujua. Mwenye nyumba akaogopa, akampa notisi. Mama lishe wa pale kona ndiye aliyewahi kuona ndani ya mkoba ule, kwa kuwa yule bwana aliufungua mbele yake akijaribu kumuuzia bima ya moto ya banda lake. Ulijaa fomu.

Sisemi wapenzi wa gemu ni watu bora kuliko sisi. Nao wana uchu wao. Mwendelezo wa Half-Life 2 uliotoka 2007 uliishia pabaya, na sehemu iliyotakiwa kufuata haikuja. Mwandishi wa hadithi, Marc Laidlaw, aliondoka Valve mwaka 2016. Mwaka uliofuata alichapisha barua ya kubuni, wahusika wakiwa wamebadilishwa majina, na mashabiki wakaisoma kama wosia. Hata humo hakumfichua G-Man. Mwaka 2024 mkuu wa Valve, Gabe Newell, alieleza kwenye filamu ya kumbukumbu kwamba yeye binafsi alikwama, hakuona sehemu hiyo ingeleta jipya gani. Wapo waliokasirika kana kwamba wanadai mshahara wao. Mimi nilimheshimu. Hadithi iliyoachwa wazi haimdhulumu mtu.

Nami nimepata nadharia yangu, na niliitoa mezani tukila. Nikasema yule bwana ni mwajiriwa tu kama sisi. Ana mabosi wasioonekana, anasema maneno aliyopewa ayaseme, ndiyo maana yanamtoka kwa shida, na kila mara anajinyoosha tai kama mtu anayehofia kukaguliwa. Wanaomwona mwenye enzi hawajawahi kufanya kazi ofisini.

Mpwa wangu akaacha kutafuna. "Waajiri wapo, amewataja mwenyewe. Tai ipo. Hofu umeiona wapi?"

Nikamwambia tukimaliza kula awashe kompyuta, arudishe pale pa tai, nimwonyeshe vidole.