Mkia wa Dunia

Kijana anayejifunza kuchora kwa programu za kompyuta mara nyingi huanza na mfumo wa Jua. Umbo ni moja tu, tufe. Ukilichora mara 9 kwa ukubwa na rangi tofauti, umepata Jua na sayari zake 8. Kisha kijana huandika hesabu ya kuizungusha Dunia, hubonyeza, hungoja. Dunia inakwenda kweli, lakini inaburuta mkia wa buluu, na punde njia yake yote imekuwa pete nene ya rangi. Dunia yenyewe haijulikani iko wapi.

Kosa ni dogo. Kioo cha kompyuta hakisogezi kitu. Programu huchora picha nzima, huifuta, huchora nyingine, aghalabu mara 60 kwa sekunde, nasi tunaona mwendo. Kijana amesahau mstari wa kufuta, basi kila mahali Dunia ilipopita pamebaki na Dunia yake.

Ziko nyumba za namna hiyo. Mume anaingia jioni na mkewe hamwoni yeye. Anamwona yule aliyekopa kwa siri mwaka juzi, na yule aliyechelewa msibani kwa wakwe. Naye mume ana picha zake. Je, nyumbani kwako yuko mtu ambaye hujamwona alivyo leo?

Sikuambii usahau. Kinachofutwa ni picha, si hesabu. Pembe ambayo Dunia imefikia huhifadhiwa kando. Ikipotea hiyo, Dunia itarudi ilikoanzia kila mara. Basi deni likumbukwe na lilipwe, na anayepigwa akumbuke vizuri, atafute mahali pa salama. Kusamehe hakumdai mtu apoteze akili. Kunamwomba tu asiyapake ya jana juu ya uso ulio mbele yake.

Mtume Petro alidhani kusamehe mara saba ni ukarimu mkubwa, akajibiwa sabini mara saba. Sidhani Bwana alikuwa akimpa daftari refu zaidi la kuhesabia. Programu nayo haiweki orodha ya picha ilizofuta jana. Inafuta kwa sababu picha nyingine inakuja.

Lakini wako watu wazito kubadilika, nao ndio wanaotuchosha. Neptuni huchukua karibu miaka 165 kulizunguka Jua. Katika mfano wa kijana, ukiitazama unaweza kuapa kwamba imesimama, na hata hivyo inafutwa na kuchorwa sawasawa na Zebaki yenye haraka. Ile ya angani iligunduliwa mwaka 1846, ikakamilisha mzunguko wake wa kwanza tangu hapo mwaka 2011. Walioigundua hawakuwapo kuushuhudia.

Una mwana, au ndugu, wa mwendo huo? Akipiga simu wiki hii, kabla hujamjibu yule wa zamani, msikilize huyu anayezungumza.