Je, Hadithi za Nyumba za Kale Zafaa Darasani?

Swali hili latufikia kwa wazazi na waalimu wa hapa Hamugembe: Je, yafaa kuwasomesha watoto hadithi ya watu wa kale ambao hawakuishi kamwe, bali wametungwa na mwandishi? Wengine husema, Jambo lisilotukia ni uongo, nao uongo haufundishi kweli.

Sisi twajibu hivi. Mwongo hutaka tudumu katika kudanganyika. Mtunzi hutaka tufumbuliwe macho. Nabii Nathani alimsimulia Daudi habari ya tajiri na mwana-kondoo wa maskini, kisha akamfumbulia maana yake. Tajiri yule hakuwako, lakini dhambi ya mfalme ilikuwako, naye aliitambua.

Tena tunao mfano wa karibu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, alisoma katika seminari ya Rubya, katika Ihangiro, ndiyo Muleba ya leo. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali, ili vijana wasisahau lugha na desturi za babu zao. Kitabu kilikaa miaka 35, hata kikapigwa chapa kwa Kiswahili mwaka 1980.

Mambo yake ni ya nyumba moja. Mke hapati mtoto. Ndugu za mume wamsimanga. Wazazi wake wamrudisha kwao. Mume amfuata, atozwa pombe ya ndizi, ahangaika hata ampate tena. Msomaji aona jinsi neno baya libomoavyo nyumba, na uaminifu uijengavyo. Wala tusijidanganye: mwanamke asiyezaa husimangwa hata leo, hata na watu waendao kanisani. Kijana aliyemhurumia Bugonoka huenda akamtazama shangazi yake kwa macho mengine.

Lakini wako wahofuo, kwa kuwa humo mna waganga na matambiko. Ni kweli, yamo. Walakini tukiyafuta, sisi wenyewe tutakuwa tumewafundisha watoto uongo, maana ndivyo wazee wetu walivyoishi. Mwalimu asiyafiche wala asiyasifu, ayaeleze.

Basi na afanye hivi. Kitabu ni kirefu. Achague sehemu moja, aisome kwa sauti. Awaulize watoto: Ni nani aliyekosa? Wewe ungalifanyaje? Asitangulize funzo, bali awaache wapime wenyewe kwanza. Kisha awatume kwa bibi na babu zao kuuliza: Kwetu Buhaya ilikuwaje? Kwa maana Wakerewe ni jirani zetu, lakini desturi zetu si moja katika yote. Wakirudi na majibu, wapambanue lililotungwa na lililokuwako.

Tarikh hutuambia wazee walifanya nini. Hadithi hutuuliza sisi tungalifanya nini mahali pao. Mtoto ayahitaji yote mawili, nasi tusimnyime hata moja.