Kodi ya Haki na Dhamiri ya Mkristu

Katika Evanjili ya Mtakatifu Luka twasoma kwamba watoza ushuru walimwendea Yohane Mbatizaji, wakamwuliza yawapasa kufanya nini. Yohane hakuwaamuru kuiacha kazi yao. Aliwaagiza wasitoze kupita kiasi kilichowekwa. Katika jibu hilo fupi yamo mafundisho mawili: kodi ni jambo halali, na kodi ina kipimo chake. Anayekataa fundisho la kwanza humdhulumu jirani. Anayesahau la pili humwonea. Juma hili twapenda kuyatafakari yote mawili, kwani katika nyumba nyingi za Wakristu moja hushikwa na jingine huachwa.

Tutazame Kisaki, kusini ya milima ya Uluguru. Wajerumani walikuwa na boma lao huko, na sheria yao ya kodi ya nyumba, iliyotangazwa mwaka 1897 na kuanza kazi mwaka 1898, ilidai rupia 3 kwa kila nyumba ya shamba. Haikuuliza ndani ya nyumba mna nini. Mwezi Septemba 1916 vita vya Wazungu vilifika Kisaki penyewe, na bendera ikabadilika; lakini kodi ya nyumba na kodi ya kichwa zikaendelea chini ya Waingereza. Baada ya Uhuru kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 1969, ikarudi katika miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, ikafutwa tena mwaka 2003.

Kosa la kodi hizo lilikuwa nini? Kutaka fedha si kosa. Shule, zahanati na barabara hazijengwi kwa maneno. Kosa ni kwamba kwa kawaida mwenye jembe moja na mwenye mali nyingi walitwishwa mzigo ule ule. Kwa tajiri ulikuwa kama umande. Kwa maskini ulikuwa chakula cha watoto. Tena lilikuwako tunda jingine chungu zaidi. Mtu mwema, asiyepata kuiba hata muhindi wa jirani, alijifunza kukimbilia porini awaonapo mgambo. Mkewe alijifunza kujibu kwamba mume amesafiri. Watoto walisimama mlangoni wakimsikia mama yao akisema uongo. Sheria isiyopima uwezo wa mtu hugeuka shule ya udanganyifu. Ndiyo sababu twasema kwamba kutengeneza kodi ni jambo la roho, wala si la mfuko peke yake.

Kanisa Takatifu halikunyamaza katika jambo hili. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alionya kwamba serikali isiimalize mali ya watu kwa kodi kubwa mno. Papa Yohane XXIII, katika Mater et Magistra ya mwaka 1961, alifundisha kwamba msingi wa kodi ya haki ni kila mtu kuchangia kwa kadiri ya uwezo wake. Na mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwalaumu wale wanaokwepa kodi za haki kwa hila. Haya yote ni fundisho moja: mtawala apime vema, na raia alipe kwa unyofu.

Siku hizi kodi ya kichwa haipo, bali kodi ya mapato ipo, na yafaa kukiri kwamba imepunguzwa mara kadhaa. Mwaka 2016 kiwango cha chini kabisa kwa mshahara kilishushwa kutoka 11 hadi 9 kwa mia, na mwaka 2021 kutoka 9 hadi 8. Mwaka 2020 mshahara usiotozwa kitu ulipandishwa kutoka shilingi 170,000 hadi 270,000 kwa mwezi. Hakuna aliyelazimika kujificha ili kuupata unafuu huo. Ulipatikana kwa njia ya sheria, na mtu anaupokea mchana kweupe.

Je, ni dhambi kwa Mkristu kutafuta kulipa kidogo? Hapana, iwapo anatumia nafasi aliyopewa na sheria yenyewe. Kwa mfano, Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 iliweka kwamba mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka asitozwe kodi ya mapato. Mwenye mauzo ya shilingi 5,000,000, asiyeandika hesabu, alitakiwa kutoa 100,000. Lakini aliyeandika hesabu zake alitozwa 3 kwa mia ya kile kilichozidi milioni nne, yaani 30,000 tu. Daftari na kalamu vilimwokolea shilingi 70,000, fedha za kuwanunulia watoto sare na vitabu. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kila baba na mama mwenye biashara na aende akaulize viwango vya sasa, aandike hesabu zake kila jioni, na adai haki yake bila aibu.

Lakini mwenye madaftari mawili, moja la kweli kabatini na moja la kumwonyesha mtoza kodi, huyo hapunguzi kodi, anaiba. Naye anayempa ofisa bahasha ili asilipe yote, amenunua dhambi mbili kwa fedha moja.

Twajua neno linalosemwa vibarazani: “Fedha zetu zaliwa na wakubwa, kwa nini nilipe?” Uchungu huo una sababu, na wezi wa mali ya umma watatoa hesabu mbele ya Mungu. Hata hivyo wizi wa mwingine hauhalalishi wa kwangu. Nikificha sehemu yangu, mkubwa yule hatalala njaa. Atakayeumia ni mama anayejifungua katika zahanati isiyo na dawa. Dawa ya uchungu huo ni kuhudhuria mkutano wa kijiji, kutaka mapato na matumizi yasomwe, na kuuliza tena pale jibu lisiporidhisha.

Nanyi mnaotunga sheria, mkumbukeni Rehoboamu mwana wa Sulemani. Watu walimwomba awapunguzie nira. Wazee walimshauri akubali. Yeye akafuata vijana wenzake, akaahidi kuiongeza. Makabila kumi yakamwacha, na msimamizi wake wa kazi za shokoa akapigwa mawe. Ufalme ulivunjika kwa sababu ya mzigo usiopimwa.

Tumwombe Zakayo, aliyerudisha mara nne kile alichokitoza kwa hila, atuombee kwa Mungu. Watawala wapate moyo wa kupima mizigo kwa haki, nasi tupate unyofu wa kuibeba sehemu yetu, ili mtoto yeyote asifundishwe tena mlangoni pa nyumba yake kusema kwamba baba hayupo.